Uzamili wa Programu Bila Kuacha Kazi: Tasnifu Ianzie Mezani Pako

Kila msimu wa udahili unapofika, vijana wa Tabora wanaofanya kazi za kompyuta huniuliza swali moja: nitasomaje uzamili wa kutengeneza programu bila kuacha kazi? Anayeuliza huenda ni msimamizi wa mifumo hospitalini, mwalimu wa TEHAMA wa sekondari, mhasibu aliyejifundisha kuandika programu usiku, au fundi wa mtandao katika taasisi mojawapo ya hapa Kipalapala, karibu na mji wa Tabora. Ana mshahara, ana familia, na pengine bado anakatwa mkopo wa shahada ya kwanza. Vyuo anavyovifikiria viko Dar es Salaam, Dodoma na Arusha.

Jibu langu ni kwamba inawezekana, na sharti lake kubwa ni hili: soma kile unachokifanya. Chagua chuo, kozi na mada ya tasnifu kutokana na kazi iliyo mbele yako kila asubuhi, ili saa unayoitumia kazini iwe inakusaidia pia darasani. Anayezitenganisha kabisa kazi na shahada hulazimika kuishi maisha mawili kwa mshahara mmoja na usingizi mmoja, na mara nyingi kinachoachwa njiani ni shahada.

Kipalapala si mahali pa kuonea aibu kitabu. Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo imekuwa ikifundisha hapa tangu mwaka 1925, na mitambo ya uchapaji ya TMP imechapa vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa nchi nzima. Mjini, Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa shule ya St. Mary's. Mwaka 1949 alipotaka kusoma zaidi ilimlazimu kuacha darasa lake, akaenda Edinburgh, akamaliza shahada yake mwaka 1952. Kwa kizazi kile, kusoma zaidi kulimaanisha kuondoka. Wewe unaweza kubaki, lakini kubaki kuna gharama zake, na hizo ndizo nataka tuzipige hesabu pamoja.

Unaitaka shahada hii ya nini?

Jibu swali hili kwa maandishi, sentensi moja, kabla hujafungua fomu yoyote. Uandishi wa programu haudai leseni. Anayetaka tu kuwa mtengeneza programu bora zaidi anaweza kufika mbali kwa kozi fupi, kwa kuchangia programu huria, na kwa kuwa na kazi tatu nne zilizokamilika ambazo mtu anaweza kuzifungua na kuzijaribu. Mwajiri wa kampuni binafsi atataka kuona kazi hizo kabla hajauliza cheti.

Shahada ya uzamili ina maana zaidi kwa watu wa aina tatu. Wa kwanza ni mtumishi ambaye ngazi anayoitaka inaidai katika muundo wa utumishi wake. Wa pili ni anayetaka kufundisha au kutafiti chuoni, na huyu ajue mapema kwamba vyuo vikuu huangalia alama za juu katika shahada zote mbili. Wa tatu ni mtu aliyekwisha kutengeneza mifumo kwa miaka kadhaa, akagota: anajua mfumo umekwama lakini hajui kwa nini, anajua kuunda hifadhidata lakini hawezi kueleza kwa nini inakuwa nzito ikifikisha rekodi milioni moja. Huyu wa tatu ndiye anayefaidika kuliko wote, kwa sababu kila somo atalikuta lina jina la tatizo analolijua.

Kama sentensi yako inasema tu kwamba wenzako wote wanasoma, subiri mwaka mmoja.

Pima mzigo kabla ya kuubeba

Wapagazi wa Kinyamwezi waliofanya safari kati ya Unyanyembe, yaani eneo letu hili la Tabora, na pwani hawakuchukua mzigo bila kuujaribu. Kipimo chao kilikuwa frasila, kama pauni 35, na mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili. Ukizidi, ugomvi ulianza palepale kambini, kabla ya hatua ya kwanza. Nawe ugomvi wako na mzigo huu uumalize kabla hujalipa ada.

Vipimo viko wazi. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, shahada ya uzamili ina krediti zisizopungua 180, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza: vipindi, kusoma, mazoezi, mitihani na kuandika. Zidisha, unapata saa 1,800.

Sasa tazama wiki yako ilivyo kweli, si unavyotamani iwe. Tuseme unaweza kupata saa mbili kila jioni ya siku ya kazi na saa tano Jumamosi. Hizo ni saa 15. Saa 1,800 ukizigawanya kwa 15 ni wiki 120. Lakini hakuna mfanyakazi mwenye wiki 52 za kusoma kwa mwaka. Kuna misiba, kuna ukaguzi wa hesabu, mtoto ataugua, bosi atakutuma Nzega wiki nzima. Hesabu wiki 40, nawe utamaliza kwa miaka mitatu. Ukiwa na saa 10 tu kwa wiki, ni miaka minne na nusu. Ukiahidi saa 20, miaka miwili na miezi michache, ila itabidi uonyeshe zinatoka wapi.

Hesabu hii itakusaidia kuchagua chuo. Programu inayotaka umalize kwa miezi 18, wakati wiki yako ina saa 10, itakufikisha kwenye sapu, na baada ya sapu kuna kudisko. Uliza chuo maswali matatu kabla ya yote: muda wa juu wa kumaliza ni miaka mingapi? Naweza kuchukua kozi chache kwa muhula? Nikilazimika kuahirisha mwaka, utaratibu ni upi na unagharimu nini? Jibu lipate kwa barua pepe, ulitunze.

Chuo gani?

Milango iko mingi kuliko watu wanavyodhani, nami nitaipanga kwa jinsi inavyomtendea mtu aliye Tabora.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, kwa ajili ya mtu kama wewe hasa. Kina vituo mikoani, Tabora ikiwemo, na mfumo wake unategemea mwanafunzi anayejisomea akiwa kwake. Hapa uhuru ni mkubwa na nidhamu yote ni yako. Nenda kituoni, uliza ni programu zipi za uzamili za kompyuta zinapokea wanafunzi mwaka huu.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kina ndaki yake ya kompyuta ijulikanayo kama CIVE, inayotoa uzamili wa sayansi ya kompyuta. Kwa mtu wa Tabora, Dodoma ina faida ya jiografia: iko kwenye njia yetu ya reli na barabara ya kwenda pwani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya TEHAMA pale Kijitonyama. Arusha iko Taasisi ya Nelson Mandela, ambayo ni ya shahada za juu na imejenga jina katika utafiti wa mifumo inayotatua matatizo ya jamii. Vyuo hivi kwa kawaida vina sehemu ya masomo ya darasani kisha tasnifu. Mwaka wa masomo ya darasani ndio mgumu kwa mfanyakazi. Mwaka wa tasnifu unaweza kuufanyia Tabora, na ndiyo maana napendekeza likizo zako na ruhusa yoyote utakayopewa uziweke kwenye mwaka wa kwanza.

Kisha kuna vyuo vya nje vinavyofundisha kwa mtandao. Chuo Kikuu cha London kinatahini watu walio mbali tangu mwaka 1858. Georgia Tech ya Marekani ilianza mwaka 2014 uzamili wa sayansi ya kompyuta wa mtandaoni wenye kozi 10, kwa ada ya jumla iliyokuwa kama dola 7,000, kiasi kidogo sana kwa chuo cha hadhi yake, na wanafunzi wake wengi ni watu walio kazini. Oxford ina uzamili wa uhandisi wa programu unaosomwa kwa vipande vya wiki moja moja, lakini ada yake ni kubwa na safari ni zako. UNISA ya Afrika Kusini nayo imezoea wanafunzi wa mbali. Ukichagua njia hii, zingatia saa. Saa sita usiku ya Atlanta, iliko Georgia Tech, kama ndiyo mwisho wa kuwasilisha kazi, kwetu ni saa 1 asubuhi, au saa 2 wakati wao wakiwa kwenye majira ya baridi. Ni muda ambao wewe uko njiani kwenda kazini.

Kwa chuo chochote, cha ndani au cha nje, hatua ya kwanza ni TCU. Kwa cha ndani, thibitisha kwamba programu yenyewe, siyo chuo tu, iko kwenye orodha ya programu zilizoidhinishwa. Kwa cha nje, thibitisha kwamba tuzo yake itatambuliwa, kwani bila utambuzi huo mwajiri wa serikali hataihesabu. Angalia pia sifa zako: kwa kawaida uzamili hutaka shahada ya kwanza yenye wastani usiopungua 2.7. Aliye chini ya hapo asikate tamaa, kwa sababu stashahada ya uzamili yenye alama nzuri hufungua mlango huohuo.

Mwajiri na mfuko

Usisome kwa kujificha. Najua kwa nini watu hujificha: wanaogopa bosi atadhani wanajiandaa kuhama. Lakini siri hiyo haidumu. Siku ya mtihani itafika, utaomba ruhusa ya dharura mara ya tatu, na kuaminiwa kutaondoka. Andika barua mapema kupitia mkuu wako wa idara. Kama ni mtumishi wa umma, omba jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa ofisi yako, kwa sababu asiyekuwemo kwenye mpango hupata shida ya ruhusa hata fedha zikiwepo. Katika barua taja mambo manne: programu unayoomba, tarehe za mitihani na vipindi vya ana kwa ana, jinsi kazi zako zitakavyofanyika siku hizo, na tatizo la ofisi unalokusudia kulifanyia tasnifu. Jambo la nne ndilo litakalombadilisha bosi. Ukimwambia utatumia tasnifu yako kurekebisha kitu kinachomuumiza kichwa kila mwisho wa mwezi, na yeye anapata sababu ya kutaka ufaulu.

Mwajiri akikulipia, soma mkataba kabla ya kusaini. Wengi hudai ubaki kazini miaka fulani baada ya kuhitimu, au urudishe fedha. Ni sharti la haki, lakini liwe sharti unalolijua.

Ukijilipia, kaa chini na hati yako ya mshahara. Mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Makato yako yote nayo hayapaswi kukuacha na chini ya theluthi moja ya mshahara. Ukikopa benki kwa ajili ya ada juu ya hapo, unaweza kujikuta theluthi hiyo ndiyo kila kitu ulichonacho kwa miaka mitatu. Mimi napendelea uanze kuweka akiba mwaka mzima kabla, ulipe ada kwa mihula. Na usihesabu ada peke yake. Kuna nauli na malazi ya vipindi vya ana kwa ana, bando, kuchapa na kujalidi tasnifu, na vyuo vingine vinadai makala iliyochapishwa kabla ya kuhitimu. Kwa laptopu, weka fedha kwenye kumbukumbu ya GB 16 na betri inayodumu. Ukubwa wa kioo hautakusaidia umeme ukikatika.

Tasnifu ianzie mezani pako

Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa ndipo mfanyakazi ana utajiri ambao mwanafunzi wa muda wote hana. Mwanafunzi wa muda wote huzunguka akitafuta tatizo la kutafiti. Wewe unalo, umelikalia.

Chukua zahanati ya kijijini huku kwetu. Mwisho wa mwezi muuguzi anafungua rejista za MTUHA, vitabu vipana vyenye safu nyingi. Anapitisha kidole mstari kwa mstari akihesabu: watoto wa chini ya miaka mitano waliopatikana na malaria, wajawazito waliohudhuria kliniki, waliopata chanjo. Anapiga vijiti kwenye karatasi, vinne na cha tano kinavikata, anajumlisha, anajaza fomu ya mwezi. Fomu inapanda pikipiki kwenda halmashauri. Huko mtu mwingine anaziingiza namba zilezile kwenye mfumo wa DHIS2. Kati ya kidole cha muuguzi na skrini ya halmashauri kuna sehemu tatu ambapo namba inaweza kuharibika: kuhesabu, kujumlisha na kunakili. Na namba hiyo inaweza kuathiri dawa ngapi ziletwe.

Hapo pana tasnifu nzima. Lakini iangalie jinsi inavyopaswa kupunguzwa. "Kuboresha TEHAMA katika sekta ya afya Tanzania" haitafika mwisho hata ukipewa miaka kumi. "Mfumo wa taarifa za zahanati" bado ni pana. Swali linaloweza kujibiwa ni la namna hii: je, programu ya simu inayofanya kazi bila mtandao, ambayo muuguzi anaingiza mgonjwa mmoja mmoja nayo inajumlisha yenyewe, inapunguza tofauti kati ya rejista na taarifa ya mwezi katika zahanati tano kwa miezi mitatu? Swali hili lina kitu cha kutengeneza, lina kitu cha kupima, lina mahali na lina mwisho.

Kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu, chunguza kilichopo. Vituo vingine vya afya tayari vinatumia mfumo wa GoTHOMIS. DHIS2 nayo ina programu ya Android inayokusanya taarifa nje ya mtandao na kuzituma baadaye. Msingi wake ni programu huria iliyokuzwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa sehemu ya kazi hiyo kwa miaka mingi. Ukijenga juu ya kitu kama hicho, miezi sita uliyokuwa uitumie kutengeneza ukurasa wa kuingilia na nywila unaitumia kwenye swali lenyewe. Mchango wa uzamili ni kuongeza tofali moja lililopimwa vizuri.

Kama hufanyi kazi katika afya, tazama pengine. Mtu wa chama cha msingi cha tumbaku anajua siku ya soko ilivyo: mafungu yanapangwa madaraja, yanapimwa, mkopo wa pembejeo wa mkulima unakatwa, na mkulima anaondoka na karatasi ambayo mara nyingi haielewi. Mrina asali wa miombo yetu anauza kwa ndoo, na asali ya vijiji vitatu inachanganywa kabla haijafika mjini, kisha mnunuzi wa mbali anauliza imetoka msitu gani. Duka la vitabu lina hesabu ya bidhaa kwenye daftari na hesabu nyingine kwenye kompyuta, na hazilingani. Kila mojawapo ya kazi hizi ina swali dogo la programu ndani yake.

Mfano mkubwa wa njia hii uko Helsinki. Linus Torvalds alianza kuandika Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi. Tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1997 ilihusu Linux hiyohiyo. Hakutafuta mada ya mbali, aliandika juu ya kitu alichokuwa anakitengeneza kila siku.

Jambo moja la kuzingatia sana: kufanya kazi mahali fulani hakukupi haki ya kuchukua taarifa za mahali hapo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Pata kibali cha maandishi cha mwajiri. Pata kibali cha maadili ya utafiti, hasa kwa taarifa za wagonjwa. Wakati wa kutengeneza na kujaribu, tumia rekodi za kubuni. Majina ya wagonjwa halisi yasikae kwenye laptopu unayoisafirisha kwenye basi. Na kama mfumo wako utatumika katika taasisi ya umma, soma mapema miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, usije ukatengeneza kitu kizuri kisichoruhusiwa kuwashwa.

Msimamizi wako wa mbali

Msimamizi wa tasnifu ana wanafunzi wengi, na anayekaa Tabora husahaulika kuliko anayekutana naye kwenye ngazi. Dawa yake ni kumwandikia kila baada ya wiki mbili, hata kama kazi iliyofanyika ni ndogo, na kumuuliza swali ambalo linajibika kwa dakika tano. Barua isemayo "Naomba maoni yako kuhusu kazi yangu" italala. Andika hivi: "Shikamoo Profesa. Nimeambatisha sura ya tatu, kurasa nane. Naomba mwongozo wako kwenye jambo moja, ukurasa wa tano: zahanati tano zinatosha kwa ulinganisho huu, au niongeze hadi nane? Nitaendelea na tano hadi nitakaposikia kutoka kwako." Barua hiyo ina heshima, ina swali, na kazi haisimami ikisubiri jibu.

Mtandao ukikatika, kazi isikatike

Mei 2024 nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilipokatika, intaneti ilizorota nchi nzima. Waliokuwa wameacha kazi zao kwenye mtandao peke yake walikaa mikono mitupu. Panga masomo yako kana kwamba mtandao ni mgeni anayepita: akija umuhudumie haraka, akiondoka uendelee na shughuli zako.

Chombo cha kwanza ni Git, ambayo Torvalds aliitengeneza mwaka 2005. Uzuri wake kwa mtu wa Kipalapala ni kwamba nakala iliyo kwenye laptopu yako ina historia nzima ya kazi. Usiku, bila bando hata kidogo, unaandika, unakomiti, unarudi nyuma kwa toleo la juzi, unalinganisha, unajaribu njia nyingine kwenye tawi jipya. Asubuhi ukifika penye mtandao unapushi mara moja, kazi yote ya usiku inaondoka kwa sekunde chache kwa sababu kinachosafiri ni mabadiliko tu. Iweke na tasnifu yenyewe humo, siyo programu peke yake. Utaachana na mafaili yenye majina kama "tasnifu ya mwisho kabisa 3".

Vya pili ni vitabu vya marejeo. Miongozo ya Python na ya PostgreSQL inapakuliwa yote. Kiwix inakuwezesha kuwa na Wikipedia na majibu ya Stack Overflow ndani ya laptopu bila mtandao. Video za mihadhara zipakue kwa bando la usiku, kwa ubora wa chini, sauti ndiyo muhimu.

Tatu, nakala. Moja kwenye laptopu, moja kwenye diski ya pembeni inayokaa nyumba nyingine, moja mtandaoni. Na kazi yenye tarehe ya kuwasilishwa ihesabu kuwa tarehe yake ni siku mbili kabla.

Kuhusu akili mnemba, msimamo wangu ni mmoja. Itumie kukueleza ujumbe wa kosa usiouelewa, kukuuliza maswali ya mtihani, kukukosoa aya. Usiipe kazi ya kuandika kitu ambacho huwezi kukieleza ukiwa umesimama. Siku ya kutetea tasnifu, mtahini atakunyooshea kidole kwenye mstari mmoja wa programu yako na kukuuliza kwa nini uko hivyo. Kila mstari katika kazi yako uwe na jibu lako. Soma pia kanuni za chuo chako, kwani vingine vinataka utamke wazi ulivyoitumia.

Kalenda ya Tabora

Mwaka wa masomo wa vyuo vyetu huanza Oktoba au Novemba, wakati uleule mvua za kwetu zinapoanza. Mvua hizi za msimu mmoja huenda hadi Aprili, na kama una shamba, muhula wa kwanza wote utaangukia kwenye kulima na kupalilia. Kama unategemea mikono yako, punguza ekari mwaka huo au tafuta vibarua, na uweke gharama hiyo kwenye hesabu ya ada. Kisha mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30, ofisi zikiwa moto, na mitihani ya muhula wa pili kwa vyuo vingi ipo Julai. Anayefanya kazi ya mifumo ya fedha asichukue kozi nzito muhula huo.

Nyumbani, ongea na mwenzi wako kabla ya kuomba, kwa namba: usiku gani hutakuwepo mezani, kwa miaka mingapi, na kwa shilingi ngapi. Kila siku ipewe haki yake. Kama jioni za siku za kazi na Jumamosi ni za kitabu, Jumapili isiguswe. Kwenye jumuiya na ukoo, sema wazi kwamba kwa miaka mitatu utakuwa mtu wa michango zaidi kuliko mtu wa vikao. Misibani nenda. Shahada inaweza kusubiri siku mbili, na watu waliokuzikia ndugu zako ndio watakaokulelea watoto wiki ya mitihani.

Tafuta pia wenzako watatu wanaosoma, hata kama vyuo vyao ni tofauti. Kutaneni Jumamosi moja kwa mwezi, kila mmoja aeleze kwa sauti kitu kimoja alichojifunza. Tabora ina walimu wa TEHAMA, maafisa wa halmashauri, watu wa reli, wa hospitali na wa vyuo. Mkikaa pamoja mtagundua kwamba nusu ya matatizo yenu ni mamoja.

Mwezi huu fanya haya

Wiki ya kwanza, andika ile sentensi ya kwa nini. Wiki ya pili, rekodi saa zako zote jinsi zinavyotumika, uone kama 15 zipo kweli. Wiki ya tatu, orodhesha mambo matano yanayokuchosha kazini kila mwisho wa mwezi, uchague moja ambalo programu inaweza kulipunguza na wewe unaweza kulipima. Wiki ya nne, fungua orodha ya TCU, chagua programu mbili, uviandikie vyuo hivyo maswali matatu niliyoyataja, kisha mpelekee bosi wako rasimu ya barua.

Ukiwa na sentensi, saa, tatizo na chuo, omba mwaka huu. Kimoja kikikosekana, utumie mwaka huu kukitafuta na kuweka akiba, kwa sababu udahili utafunguliwa tena, na atakayeingia akiwa na vyote vinne ana nafasi kubwa zaidi ya kutoka na shahada mkononi na mfumo unaofanya kazi ofisini kwake.